Kuliwa kwa Sababu ya Jirani

Ng'ombe hana meno ya mbele kwenye taya la juu. Akitaka kula hutoa ulimi, akauzungusha kwenye fungu la nyasi, akalibana kati ya meno ya chini na ufizi mgumu wa juu, kisha akavuta kichwa na kulinyofoa. Kwa mdomo wa namna hiyo hawezi kuchambua jani moja moja. Kinachoingia ni fungu zima: jani bichi pamoja na bua kavu, nyasi nzuri pamoja na gugu lililojipenyeza katikati yake. Mbuzi ni habari nyingine. Mdomo wake ni mwembamba, midomo yake ni myepesi, naye anaweza kuchuma kijani kimoja kilichokaa kati ya miiba miwili ya mgunga asichomwe. Wafugaji wanaijua tofauti hii tangu utotoni na hawaioni kuwa fumbo. Lakini ndani yake limo swali ambalo wanazuoni wa dini na wanafalsafa wamelijadili kwa karne nyingi bila kupita malishoni: yanayomfika mtu, ya heri na ya shari, humfika kwa alivyo yeye, au kwa walivyo wale waliomzunguka? Na ikiwa ni kwa walivyo jirani zake, je, bado tunaweza kusema kwamba ameyastahili?

Kwa muda mrefu usalama wa mmea ulielezwa kwa sifa zake wenyewe. Una miiba, una uchungu, una sumu, basi hauliwi; hauna kitu, basi huliwa. Maelezo hayo yalianza kulegea katika miaka ya 1970. Mwaka 1972 Jorma Tahvanainen na Richard Root walionyesha kwamba mboga za jamii ya sukuma wiki zikipandwa pamoja na mimea mingine kama nyanya, mbawakawa wadogo wanaozishambulia hupungua, ingawa mboga ni zilezile. Miaka minne baadaye Peter Atsatt na Dennis O'Dowd waliandika katika jarida la Science kwamba mimea inaweza kuwa na ulinzi wa ushirika: usio na silaha hupona kwa kuishi karibu na wenye silaha. Aliyewahi kupita kwenye malisho yaliyochoka ya Afrika Mashariki ameliona jambo hili hata kama hakulipa jina. Nje, ardhi imenyolewa hadi udongo unaonekana. Ndani ya kichaka cha miiba, au pembeni ya ndulele ambayo ng'ombe huikwepa, nyasi ileile imesimama hadi kutoa mbegu. Nyasi ya ndani haina ubora wowote kuishinda ya nje. Mbegu yake iliangukia pale, basi. Ushirika huo una upande wake mbaya pia. Mmea mchungu ulioota katikati ya mitamu unaweza kuliwa kwa sababu mitamu imemvuta mlaji mpaka pale, na akishafika, mdomo mpana haubagui. Msafara wa mamba na kenge wamo, na anayewindwa ni mamba, lakini wavu hauulizi.

Hapo ndipo umbo la mdomo linapopata uzito. Mwaka 1978 Samuel McNaughton, aliyetumia miaka mingi akichunguza nyasi za Serengeti, alionyesha kwamba ulinzi wa jirani hauna nguvu moja mbele ya kila mnyama: unategemea jinsi mnyama mwenyewe anavyochagua. Serengeti ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili kwa sababu walaji wake hupokezana. Richard Bell alieleza mwaka 1971 jinsi pundamilia wanavyotangulia na kula mabua marefu na magumu, nyumbu wakafuata na kula majani yaliyofunuliwa, kisha swala tomi, wenye midomo midogo, wakaja kuokota vimea na machipukizi ya chini. Kwa pundamilia, kijimea laini kilichojificha chini ya mabua ni kama hakipo. Kwa swala tomi kipo, tena ndicho kilichomleta. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama jirani analinda. Lazima tuulize analinda dhidi ya nani, na huyo nani anatazama kwa upana gani. Tena mnyama huchagua mara mbili. Huchagua mahali, ndipo akachagua mmea. Jirani mchungu anaweza kukuokoa katika uchaguzi wa kwanza, kwa kulifanya eneo zima lionekane halifai, halafu akakuponza katika wa pili.

Kuponza huko kulipimwa nchini Sweden. Ulrika Alm Bergvall, Olof Leimar na wenzao waliwapa kulungu wa jamii ya Dama dama chakula kilichotiwa tanini, ile kemikali inayoleta ukakasi mdomoni kama wa bibo. Chakula kingine kilikuwa na tanini kidogo, kingine nyingi, na kikapangwa katika makundi yenye michanganyiko tofauti. Mnyama akishafika kwenye kundi, chakula kizuri kilichozungukwa na kibaya kililiwa zaidi kuliko kizuri kilichokuwa kati ya vizuri wenzake. Na kibaya kilichokuwa kati ya vizuri kilikwepwa zaidi kuliko kibaya kilichokuwa kati ya vibaya. Tanini ilikuwa ileile kwa kipimo kilekile. Kilichobadilika ni kilichowekwa kando. Matokeo haya yanavuruga ushauri mwepesi wa kwamba ukae na wenye miiba upone. Kwa mlaji aliye mbali, jirani mchungu ni pazia. Kwa aliyekwisha kufika, ni taa inayokumulika wewe uliye mtamu. Na kwa upande wa pili, mwenye kasoro aliyezungukwa na wema hupata hasara ya kulinganishwa nao, hasara ambayo mbele ya kulungu ndiyo salama yake, lakini kwa binadamu anayeomba kazi au anayesubiri hukumu ni hasara kwelikweli.

Sasa tuligeuze jambo hili kuwa hoja. Tunapoona mmea mmoja umeliwa na mwingine umeachwa, akili hukimbilia kusema kwamba ulioliwa ulikuwa mtamu na ulioachwa mchungu. Hitimisho hilo halifuati. Tunapoona mtu amefaulu na mwingine ameanguka, hukimbilia kusema kwamba wa kwanza alikuwa na kitu ambacho wa pili hakuwa nacho. Hilo nalo halifuati, na kwa sababu ileile. Kwa sadfa, mwaka huohuo wa 1976 ambao Atsatt na O'Dowd walichapisha makala yao, Bernard Williams na Thomas Nagel walikuwa wakijadiliana juu ya nafasi ya bahati katika maadili. Nagel alitaja, miongoni mwa mengine, bahati ya mazingira: watu wawili wenye tabia moja, mmoja akakutana na jaribu na mwingine asikutane nalo, yule akaitwa mwovu na huyu akabaki mwema. Ni hoja nzuri, lakini inamtazama mtu na jaribu lake tu. Malisho yanamleta mhusika wa tatu, yaani jirani, ambaye hakujaribu mtu wala hakujaribiwa, na bado kuwapo kwake peke yake kumebadilisha kipimo kinachotumika kwa wengine. Ninachodai ni kwamba kila tunaposema fulani amestahili, ndani ya kauli hiyo umo ulinganishi ambao hatukuutangaza. Na anayeitoa kauli hiyo ana wajibu wa kuonyesha kwamba alitazama kwa karibu vya kutosha, na kwamba waliosimama kando hawakumpotosha macho. Wajibu huo ni mzito, na mara nyingi hatuutimizi.

Dini mbili zenye wafuasi wengi miongoni mwa wasomaji wa Kiswahili zinafundisha mambo mawili ambayo kwa haraka huonekana kugongana. Kwa upande mmoja, hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Fundisho hilo limerudiwa katika Qurani, na nabii Ezekieli, katika sura ya 18, anakataa katakata kwamba mwana afe kwa dhambi ya baba yake. Kwa upande wa pili, Surat al-Anfal inaonya juu ya fitina ambayo haitawapata waliodhulumu peke yao, na kitabu cha Mwanzo, nacho katika sura ya 18, kinamwonyesha Ibrahimu akiiombea Sodoma, akibembeleza idadi ishuke kutoka wenye haki 50 hadi 10, na kila mara akikubaliwa kwamba mji wote utaachwa kwa ajili ya hao wachache. Wahubiri wengi huliondoa pingamizi kwa kusema kwamba ya dunia hutupata kwa pamoja na ya akhera kila mtu kwa lake. Sina ugomvi na jibu hilo, ila halisemi kwa nini mpaka uwekwe hapo. Malisho yanatoa sababu. Mambo ya dunia hutupata kwa midomo ya dunia, na midomo hiyo ina upana. Njaa, vita, tauni, bei ya mahindi: hivi hunyofoa kwa fungu. Hukumu ya mmoja mmoja inamhitaji mwamuzi asiyelazimika kuchukua fungu.

Mfano wa ngano na magugu katika Injili ya Mathayo, sura ya 13, unasomeka vizuri zaidi kwa macho haya. Watumwa wanataka kwenda kung'oa magugu. Mwenye shamba anawakataza, wasije wakang'oa na ngano. Gugu linalotajwa kwa kawaida hudhaniwa kuwa Lolium temulentum, ambalo kabla ya kutoa masuke hufanana mno na ngano, na mizizi yake husokotana na ya jirani zake. Mfano huu mara nyingi hufundishwa kama somo la subira, yaani Mungu anamngoja mwovu atubu. Sidhani kama hapo ndipo uzito wake ulipo, kwa maana gugu halitazamiwi kugeuka ngano. Mwenye shamba hasemi kwamba magugu ni mazuri, wala hasemi kwamba hayawezi kutofautishwa. Yatatofautishwa siku ya mavuno, na wavunaji wengine kabisa. Analosema ni kwamba mikono ya watumwa hawa, kwa sasa, inang'oa kwa fungu. Ni hukumu juu ya mwenye kuhukumu kabla haijawa hukumu juu ya gugu.

Mtu anaweza kupinga kwamba hoja hii imevuka mipaka yake. Nyasi hazina nia, kulungu hahukumu, na David Hume alikwisha kutuonya katika karne ya 18 tusiruke kutoka mambo yalivyo hadi mambo yanavyopasa kuwa. Onyo ni la kweli, na lingeniangusha kama ningesema kwamba, kwa kuwa nyasi hulindwa na miiba, basi watu nao hawana budi kulindana. Sisemi hivyo. Ninachochukua malishoni ni mfano pinzani. Anayedai kwamba kuchaguliwa ni ushahidi wa ubora ametoa dai linalopaswa kusimama popote penye mchaguaji na vya kuchaguliwa. Mfano mmoja uliothibitishwa, ambapo kitu kilekile huchukuliwa au kuachwa kwa sababu tu ya kilichokuwa kando yake, unatosha kulitoboa. Na kukosa nia kwa nyasi kunaupa mfano nguvu badala ya kuudhoofisha: hakuna atakayetuambia kwamba nyasi ya kichakani iliamka mapema zaidi, ikajituma zaidi, ikaomba zaidi.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza. Kulungu hulinganisha kwa sababu hana njia nyingine. Binadamu ana akili, ana sheria, ana mizani. Kinachotakiwa, basi, ni kuinoa mizani mpaka jirani asiwe na athari. Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Mwaka 1982 Joel Huber, John Payne na Christopher Puto walionyesha kwamba mtu anayechagua kati ya bidhaa mbili anaweza kusukumwa kuelekea mojawapo kwa kuongezewa ya tatu ambayo yeye mwenyewe haitaki. Miaka 20 baadaye Sharoni Shafir na wenzake waliona mwelekeo wa namna hiyo kwa nyuki na kwa ndege wa jamii ya kunguru. Udhaifu huu hauko kwenye kwato, basi. Upo popote viumbe wanapopima kwa kulinganisha, na kupima kwa kulinganisha ndiko kupima kwetu kwa kawaida. Mwalimu anayesahihisha insha usiku anajua kwamba insha ya wastani inayofuata tatu mbovu hupata alama ambazo isingezipata ingefuata tatu nzuri. Mwongozo wa usahihishaji upo kwa sababu hiyo. Unasaidia, na mwalimu anayeudharau anawadhulumu watoto, lakini hata mwongozo uliandikwa na watu waliokuwa na insha fulani mbele yao.

Isitoshe, mara nyingi tatizo si uhafifu wa mizani. Mdomo mpana hutumika kwa makusudi, kwa kuwa ni wa haraka na wa bei nafuu. Msako wa polisi unaozoa kila kijana aliyekutwa kijiweni saa nne za usiku hauna nia ya kumjua yeyote kati yao. Kijana aliyepita kununua vocha anabebwa na fungu. Mikopo ya vikundi hufanya jambo hilohilo kwa adabu zaidi. Mkopeshaji hana muda wa kumchunguza mama mmoja mmoja, anakopesha kikundi, na ikitokea mmoja ameshindwa kulipa, wenzake wanamlipia. Sisemi mpango huo ni mbaya. Umewafikia watu ambao benki zisingewatazama kabisa, na kwao ujirani umegeuka dhamana. Ila mpango huohuo umemfanya kila mmoja awe mlinzi wa mwenzake na pia mzigo wake, na siku kikundi kinapovunjika tunasikia ikisemwa kwamba akina mama wale hawakuwa waaminifu. Wote? Hapo ndipo kauli ya kustahili inapotolewa na mtu ambaye hakuwahi kutazama jani moja.

Linakuja pingamizi la tatu, ambalo wacha Mungu hulitoa kwa hofu na wavivu kwa furaha: ikiwa ujirani unaamua haya yote, basi hakuna wa kulaumiwa. Mwizi atasema ni mtaa, mla rushwa atasema ni ofisi. Ushahidi wenyewe hauwaungi mkono. Fred Provenza na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah wameonyesha kwa miongo kadhaa kwamba kondoo, mbuzi na ng'ombe hujifunza cha kula: hujifunza kwa mama, na hujifunza kwa tumbo, ambalo baadaye huwapa habari kama chakula kimewafaa au kimewadhuru. Katika nyanda za magharibi ya Marekani ng'ombe wamefundishwa kukwepa mmea wenye sumu kwa kupewa dawa ya kichefuchefu mara baada ya kuula. Wakichungwa pamoja na waliofundishwa wenzao, mafunzo hudumu. Wakichanganywa na ng'ombe wanaoula, huanza kuonja, na taratibu mafunzo hupotea. Mwenye kutafuta udhuru ataishika nusu ya pili ya habari hii. Lakini nusu ya kwanza ipo pale pale: kulikuwa na kitu cha kupotea. Ng'ombe yule alikuwa na lake ndani, na kundi likalishinda. Kushindwa kitu si sawa na kutokuwa nacho. Abu al-Hasan al-Ash'ari, aliyefariki Baghdad katika karne ya 10, alifundisha kwamba tendo huumbwa na Mungu na mja hulichuma. Wengi wameona fundisho hilo ni gumu kueleweka, na sidai kulieleza hapa, lakini picha ya kuchuma inafaa: mkono ni wangu hata kama bustani nimeikuta.

Tena, swali la lawama halina budi kuulizwa katika kila moja ya chaguzi zile mbili, wa mahali na wa mmea. Ng'ombe huchagua nyasi. Malisho amechaguliwa na mchungaji. Wasukuma wa Shinyanga wana ngitili, eneo linalofungwa wakati wa mvua ili majani yabaki kwa kiangazi, na uamuzi wa lini lifunguliwe na nani aingize mifugo huwa umekwisha kufanyika kabla ng'ombe hajateremsha kichwa. Kumuuliza ng'ombe peke yake kwa nini amekula magugu, wakati kuna mtu aliyemfungulia eneo lenye magugu tu, ni kuhoji shahidi asiye sahihi. Mwizi atajibu kwa mkono wake. Aliyepanga mtaa, aliyefunga kiwanda, aliyegawa shule nzuri upande mmoja na mbovu upande mwingine, atajibu kwa kilichowekwa mbele ya mkono huo. Madeni haya mawili hayafutani, na sioni kwa nini kulitaja la pili kuitwe kulisamehe la kwanza.

Kuna deni la tatu ambalo nimeona likitajwa kwa nadra, nalo ni la jirani mwenyewe. Frans Vera, katika kitabu chake cha mwaka 2000 juu ya malisho na historia ya misitu ya Ulaya, alieleza jinsi mwaloni unavyoweza kukua penye ng'ombe na farasi: mbegu huota ndani ya kichaka cha miiba, mlaji anakwepa, mche unapata miaka ya kuinuka. Ukishainuka, mwaloni hutandaza matawi, na kivuli chake hukiua kichaka kilichoulea. Kichaka hakikukusudia kulea. Tena katika miaka isiyo na walaji wengi, miiba ileile ni mshindani tu, inanyonya maji na mwanga ambao mche ungeuhitaji. Ulinzi wake hupata thamani pale hatari inapokuwa kubwa, na hatari ikizidi mno, wanyama wakashikwa na njaa kali, hata miiba hutafunwa. Kwa kipimo cha nia, ambacho Uislamu na Ukristo vyote vinakiheshimu, kichaka hakina thawabu. Hata hivyo mwaloni una deni. Tumezoea kudhani kwamba tunadaiwa shukrani na wale tu waliotukusudia mema, na kwa sababu hiyo mtu aliyefanikiwa huwataja wazazi, mwalimu na mfadhili, halafu akasema mengine ameyafanya mwenyewe. Hawataji wale ambao kwa kuwa mahali fulani tu, kwa ubishi wao, kwa sifa yao mbaya iliyowafanya watoza ushuru waikwepe mitaa ile, au kwa kufeli kwao kulikomfanya yeye ang'ae, waliiweka njia yake wazi. Sijui namna ya kulipa deni la namna hiyo lote. Najua kwamba kulikana ni kusema uongo kuhusu hesabu.

Muumini anaweza kunigeukia mwisho na kusema: hayo ni ya viumbe, Mungu si ng'ombe wala kulungu. Nakubali, na hoja yote inategemea hilo. Kisa cha Sodoma kina hatua mbili, kama uchaguzi wa malishoni. Kwanza linaulizwa swali la mahali: je, wapo kumi wa kuufanya mji wote uachwe? Hawapo. Hapo mwamuzi wa kibinadamu angekuwa amemaliza kazi, na fungu lingenyofolewa. Lakini Lutu anatolewa, yeye na watu wachache wa nyumbani kwake, mmoja mmoja, wakishikwa mikono. Surat at-Tahrim inaenda mbali zaidi. Inawataja mke wa Nuhu na mke wa Lutu, walioishi ndani ya nyumba za mitume na ukaribu huo usiwafae kitu. Kisha inamtaja mke wa Firauni, aliyekuwa mwema ndani ya nyumba ya dhalimu na ubaya wa nyumba hiyo usimdhuru mbele ya Mola wake. Ujirani wa karibu kuliko wote, wa ndoa, umepimwa pande zote mbili na kuonekana hauna uzito katika hukumu hiyo. Mwenye jicho kali atasema kwamba hata hapa tunauona wema wa mke wa Firauni vizuri zaidi kwa sababu amewekwa kando ya Firauni, na kwamba wake wawili wa mitume wanaonekana wabaya zaidi kwa walioolewa nao. Ni kweli, na sura yenyewe inasema wazi kwamba imepiga mifano. Mifano hupigiwa wasomaji, na wasomaji tunaona kwa kulinganisha; aliyewahukumu wanawake hao watatu hakuhitaji kuwapanga hivyo ili awajue.